Kaloleni na milango isiyokuwemo daftarini

Mpango wa kuijenga upya mitaa ya zamani ya Nairobi, hasa ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, umekaa mezani pa wakuu zaidi ya miaka kumi sasa. Orodha hubadilika na msimu: mara Pangani na Ngara, mara Bahati, Maringo na Jericho, mara Woodley kule upande wa Ngong Road. Kaloleni, mtaa wa nyumba za kaunti huko Eastlands, ikitajwa tu, watu hujipanga pande mbili kama mashabiki wa timu za soka za Gor na Ingwe. Huku wamo wanaosema jiji la watu 4,397,073, kwa sensa ya 2019, haliwezi kuendelea kuachia nyumba zisizo na ghorofa ardhi iliyo jirani na katikati ya mji. Kule wamo wanaosema Kaloleni ni historia, asiiguse mtu. Nimezisikiliza hoja za pande zote mbili, na naona zinakosea mahali pamoja: zinauzungumzia mtaa kama ulivyochorwa, zikasahau namna watu wanavyoukaa leo.

Maana nyumba mpya Kaloleni zilishajengwa zamani. Zilijengwa na wapangaji wenyewe, kwa mabati na mbao, uani, chumba baada ya chumba, bila mchoro wala hatimiliki. Kuunganisha makazi mapya na majengo ya kale ni jambo ambalo pale halijamsubiri mwekezaji. Linaendelea kila siku, kwa njia mbovu na ya werevu kwa pamoja, na yeyote anayetaka kuujadili mtaa huu aanzie hapo.

Mtaa ulivyochorwa

Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940. Aliyeichora ni msanifu A.J.S. Hutton, akifuata fikra ya mji wa bustani iliyoanzishwa na Mwingereza Ebenezer Howard mwaka 1898, ya kwamba mfanyakazi wa mjini anastahili hewa, majani na nafasi ya watoto kucheza karibu na mlango. Wafungwa wa vita Waitaliano ni miongoni mwa waliofanya kazi ya kujenga. Nyumba zilikuwa za chini, zenye kuta imara na mapaa ya vigae vyekundu, zikapangwa kwa mikunjo badala ya safu zilizonyooka kama kambi, zikizunguka nyua na viwanja vya nyasi. Ndani ya mtaa pakawekwa ukumbi wa mikutano na maktaba.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, kumbuka Mwafrika alikuwa nani Nairobi wakati huo. Alikuwa na kipande, kile cheti cha utambulisho cha wakoloni, na alihesabiwa kuwa mgeni wa kazi. Serikali ya kikoloni na Reli zilimpa mahali pa kulaza mbavu, chumba cha kubanana na wanaume wengine, kwa dhana kwamba mke na watoto wako mashambani na yeye mwenyewe atawarudia mkataba ukiisha. Kaloleni ilijengwa kwa ajili ya familia. Ukarimu huo ulikuwa na hesabu zake: migomo ya wafanyakazi ilikuwa imeanza kuwatisha mabwana, na mfanyakazi mwenye mke, watoto na jiko lake alionekana kuwa mtulivu kuliko yule anayelala kwa kubanana. Ubaguzi ulibaki palepale. Mtaa uliwekwa Eastlands kwa sababu Eastlands ndiko Waafrika walikoruhusiwa kukaa.

Utulivu haukupatikana sana. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilitawazwa kuwa jiji kwa hati ya kifalme iliyoletwa na Duke wa Gloucester. Wiki chache baadaye, tarehe 23 Aprili, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama katika Ukumbi wa Kaloleni akadai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mkutano huo uliwaleta pamoja Waafrika na Wahindi, jambo ambalo serikali ilikuwa ikijitahidi lisitokee. Tarehe 15 Mei alikamatwa pamoja na Fred Kubai, kesho yake mgomo mkuu ukaanza, na Singh hakuachiliwa hadi 1961. Mtaa uliokusudiwa kuwatuliza wafanyakazi ndio uliowapa paa la kukusanyikia.

Kwa sababu hiyo ukumbi huwa wa kwanza kutajwa kila urithi unapozungumzwa, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukumbi ni rahisi kuokoa. Unauzungushia ua, unaupaka rangi, unaweka kibao, halafu unaruhusu minara ya ghorofa kumi na tano iuzunguke pande zote. Mwekezaji yeyote atakubali mpango wa namna hiyo bila kupepesa jicho, maana umemgharimu kipande kidogo sana cha ardhi. Lakini kilicho adimu Kaloleni ni mpangilio: jinsi nyumba zinavyoangaliana, jinsi njia za miguu zinavyopita kati yao, na ile ardhi iliyoachwa wazi kwa makusudi. Majengo ya zamani yapo mengi Nairobi. Mtaa mzima wa Waafrika wa enzi ya ukoloni uliochorwa na mtu aliyefikiria watoto watachezea wapi, sijui utaupata wapi kwingine ukiwa bado unasomeka.

Na tabu ni kwamba ardhi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo mhandisi wa mradi anayoiita ardhi tupu.

Uani

Ingia kwenye nyumba moja, ya mikunjo ya nyuma ya ukumbi. Kwa mbele unaona ilivyochorwa: ukuta, dirisha, mlango mmoja, paa jekundu lililopauka. Mama mwenye nyumba, ambaye umri wake hauko mbali na wa nyumba yenyewe, anaitwa mwenye nyumba na majirani tu; kwenye karatasi ni mpangaji wa kaunti, tena jina lililoandikwa ni la marehemu mumewe. Uani kuna vyumba viwili vya mabati. Kimoja anakaa mjukuu na mkewe. Kingine kimekodishwa kwa kijana anayefanya kazi Eneo la Viwanda, ambaye huenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Kati ya nyumba na vyumba hivyo pamebaki njia ya upana wa mabega, kamba ya nguo, mtungi wa maji, na mche wa sukuma wiki uliorefuka hadi ukawa mti. Kodi ya yule kijana ndiyo inayonunua unga na dawa za presha.

Siku niliyoingia alikuwapo fundi juu ya paa.

"Mama, vigae vya hivi sivipati dukani. Nikuvulie vya nyuma nivilete mbele, halafu nyuma nikupigie mabati."

"Haya mwanangu. Bora isivuje kwa kitanda. Na hivyo vilivyovunjika usivitupe, vitatufaa mlangoni wakati wa matope."

Fundi alifanya hivyo. Alikuwa akinyanyua kigae kimojakimoja, akikigonga kwa kifundo cha kidole kusikia kama kina ufa, kizima kikilia kama chungu na kibovu kikitoa sauti butu. Chini ya vile vilivyokuwa vimeteleza, mbao za kenchi zilikuwa zimegeuka nyeusi, na kisu kiliingia bila kulazimishwa. Kigae kikikaa sawasawa mbao hudumu miaka na miaka. Kikisogea vidole viwili tu, maji hupata njia, na misimu michache ya mvua za masika inatosha kumaliza kazi.

Ile hila ya kuvua nyuma ili kuvisha mbele ndiyo sera halisi ya uhifadhi inayofanya kazi Kaloleni, na inatekelezwa na mama mwenye presha kwa kodi ya chumba cha mabati. Nusu ya paa inabaki kama alivyoichora Hutton, nusu inakuwa kama kibanda. Mtaalamu wa urithi akipita na kamera atapiga picha ya mbele. Afisa wa mradi akipita na kamera atapiga picha ya nyuma. Wote wawili watakuwa na ushahidi.

Kwa nini asiezeke paa zima? Pesa ni sababu moja, ila si kubwa kama watu wanavyodhani. Nyua za Kaloleni zimezalisha kodi ya kutosha kuezeka mapaa mengi. Sababu kubwa ni kwamba hakuna mpangaji mwenye akili timamu anayetia mbao mpya kwenye nyumba isiyo yake, ambayo kila baada ya miaka michache husikia redioni kwamba itabomolewa. Tangazo la kubomoa ambalo halitekelezwi huua nyumba polepole kuliko tingatinga, lakini huiua. Mpangaji harekebishi kwa sababu itabomolewa, mwenye mali harekebishi kwa sababu hiyohiyo, na baada ya miaka kumi uchakavu uliotokana na tangazo unatolewa kuwa sababu ya kubomoa. Hilo ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote katika kisa hiki.

Tusijidanganye pia kuhusu zile nyongeza. Mabati ni moto mchana, baridi usiku, na cheche moja ya waya mbovu inaweza kuondoka na safu nzima. Mabomba ya maji machafu yaliwekwa kwa idadi ya watu wa miaka ya 1940. Uani kukiongezeka kaya mbili, bomba lilelile linabeba mzigo mara tatu, na mvua ikinyesha kila mtu mtaani anajua. Anayezisifu nyua hizi kama ubunifu wa mwananchi, alale kwenye kimoja cha vyumba hivyo mwezi wa Julai kisha aje tuzungumze.

Pangani ilivyohesabiwa

Mfano ambao kila mkazi wa Kaloleni anaujua ni Pangani. Kwanza kuna Pangani ya kale, kijiji cha Waafrika, wengi wao Waislamu, kilichokuwepo tangu Nairobi ikiwa changa. Wanawake walimiliki nyumba mle na kupangisha vyumba. Serikali ya kikoloni ilikibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wakaelekezwa Pumwani na kwenye nyumba mpya za Shauri Moyo. Waliokuwa na nyumba zao wakaingia kuwa wapangaji wa serikali. Jiji hili lina kumbukumbu ndefu ya kubomoa kwa jina la kuboresha makazi, na wazee wa Eastlands hawahitaji kukumbushwa.

Pangani ya pili ni mtaa wa nyumba za kaunti uliobomolewa 2020 kupisha mradi wa nyumba 1,562. Wapangaji walioandikishwa walikuwa 48. Kila mmoja alilipwa shilingi 600,000 za kujipangia kwingine wakati wa ujenzi, pamoja na ahadi ya kupewa nafasi ya kwanza ya kununua. Ukiangalia kutoka nyumba 48 hadi 1,562, hakuna mwanasiasa atakayeikataa hesabu hiyo, na mimi mwenyewe sina ubavu wa kusema Nairobi haikuzihitaji nyumba hizo. Lakini nyumba za zamani ziliondoka zote. Hakuna hata moja iliyobakizwa kama ushahidi wa kilichokuwepo.

Mtu akiichukua hesabu ya Pangani akaipeleka Kaloleni kama ilivyo, kuna jambo litakalomshinda. Daftari la kaunti linahesabu nyumba, na kwa kila nyumba jina moja. Chukua ua mmoja wa kufikirika wenye nyumba nane, kila nyumba na nyongeza mbili kama ya yule mama. Daftarini kuna kaya nane. Milangoni kuna ishirini na nne. Fidia ikilipwa kwa daftari, nane watapewa pesa za kuhamia na nafasi ya kununua, na kumi na sita wataamka asubuhi moja na kukuta fundi anang'oa mabati ya chumba walicholipia kodi hadi mwisho wa mwezi. Mjukuu wa mama yumo katika hao kumi na sita. Yule kijana wa Eneo la Viwanda pia yumo, naye ndiye hasa mtu wa kipato kidogo ambaye nyumba za bei nafuu husemekana zinajengwa kwa ajili yake.

Kuhesabu milango kunawezekana, na si lazima kwenda mbali kuona. Mukuru, mtaa wa mabanda, iko upande wa pili wa Eneo la Viwanda. Mwaka 2017 kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, pamoja na washirika wao wakapita kibanda kwa kibanda, wakaandikisha kaya zipatazo 100,000, mwenye kibanda na mpangaji wake kila mmoja kwa nafasi yake. Kama Mukuru, isiyokuwa na mpango wa barabara wala namba za nyumba, ilihesabika, Kaloleni yenye namba kwenye kila mlango itahesabika kwa muda mfupi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 bado inairuhusu kaunti kutangaza eneo maalum namna hiyo.

Dar es Salaam nako kuna somo la nusu. Nyumba za zamani za umma za Magomeni Kota zilibomolewa, zikajengwa ghorofa mpya, na kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale zikarudishwa mwaka 2022 kwa ahadi ya kukaa miaka mitano bila kodi kabla ya kuanza kununua. Urithi wa majengo haukuokolewa, na sijui kama kuna aliyeufikiria. Ila ilionyesha kwamba serikali ikiamua waliotoka ndio watakaorudi, hurudi.

Ghorofa zihamishwe

Sasa tuje kwenye ujenzi wenyewe. Rudi kwenye ule ua wa nyumba nane na milango ishirini na nne. Ukibakiza nyumba nane za mbele, ukaondoa mabati yote, na nyuma ukajenga bawa la mawe la orofa mbili lenye vyumba kumi na sita, choo na bafu zenye bomba la kueleweka, utakuwa umewaweka watu walewale mahali palepale kwa heshima. Kimo cha bawa hilo hakizidi sana mgongo wa paa la zamani, kwa hiyo ukisimama mbele ya mkunjo bado unaona mtaa alioukusudia Hutton. Lakini angalia: hujaongeza kaya hata moja. Kazi yote hiyo imetosha kuwahifadhi waliopo tu.

Hapo ndipo watetezi wa urithi huwa wanakosa ukweli kidogo. Husema nyumba mpya zinaweza "kuchomekwa" kati ya za zamani na jiji likapata idadi ya nyumba linazohitaji. Haiwezekani. Ukichomeka vya kutosha kubadilisha hesabu, umeshaujaza uwanja, na uwanja ndio uliokuwa urithi. Kaloleni ya ndani ikihifadhiwa vizuri itabeba watu inaowabeba leo, pengine na wachache zaidi. Nyumba mpya kwa wingi lazima zikae kwingine.

Kwingine ni wapi? Ukingo wa Barabara ya Jogoo ni mahali pa kwanza. Barabara ni pana, matatu zinapita usiku na mchana, na jengo la orofa sita au nane lenye maduka chini halimnyimi mtu jua ndani ya mtaa likisogezwa hadi barabarani. Majumba marefu pale ukingoni hata yatakata kelele za magari kwa walioko ndani. Mahali pa pili ni nje ya Kaloleni kabisa.

New York na Mumbai zina utaratibu ambao mwenye jengo la kale asiyeruhusiwa kujenga juu huuza zile orofa alizonyimwa kwa mwenye kiwanja kingine, na yule akajenga juu zaidi kwake. Utaratibu huo una mabishano mengi, kwa sababu una wenye mali wengi, mawakili wengi, na bei ya kukubaliana. Eastlands haina shida hiyo. Kaloleni ni ya kaunti, Maringo ni ya kaunti, Jericho ni ya kaunti. Mwenye mali ni mmoja. Orofa zilizosamehewa Kaloleni zinaweza kuongezwa kwenye mradi mwingine wa kaunti kwa kalamu, bila kuuziana chochote. Miradi hii huchorwa na kutolewa zabuni mtaa mmoja mmoja, kila mwekezaji na kiwanja chake cha kukijaza. Zabuni ikiunganisha mitaa miwili au mitatu, mwekezaji apewe Kaloleni kama mahali pa kukarabati na kiwanja cha pili kama mahali pa kupata faida, hesabu yake itatulia. Sioni sababu ya kiufundi inayozuia. Sababu ninazoziona ni za mikataba na za nani anakula wapi, na hizo msomaji wa Nairobi atanisaidia kuzijaza.

Kuna jambo la gharama ambalo husahaulika hadi watu wanapohamia. Jengo refu linataka lifti, lifti inataka jenereta, maji yanataka pampu, na vyote vinataka ada ya kila mwezi. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo imefanya iwe rahisi mtu kupata hati ya nyumba yake ya ghorofani, na hilo ni jema, lakini hati huja na sehemu yako ya kulipia lifti. Yule mama wa nyumba ya nyuma ya ukumbi leo hulipa kodi ndogo ya kaunti na hupokea kodi ya chumba cha uani. Mweke orofa ya kumi na moja: kodi ya kupokea imekwisha, ada ya kulipa imeanza. Umempa mali ukamwondolea riziki. Wengi wa namna yake huishia kuiuza au kuipangisha nyumba mpya na kuhamia mbali zaidi, na baada ya miaka mitano takwimu husema mradi ulifaulu kwa sababu nyumba zote zina watu.

Wasiotaka kuwa makumbusho

Nikizungumza na wakazi, hasa vijana, urithi haumo katika maneno kumi ya kwanza. Wanataka hati. Mmoja aliniambia watu wa uhifadhi huja Jumamosi, hupiga picha, husema "nyumba nzuri sana hizi", kisha hurudi kwenye nyumba zao zisizovuja. "Wanataka tuwe makumbusho, na makumbusho mtu haishi." Hoja hiyo ina nguvu, na mpango wowote usioijibu utakataliwa mkutanoni, tena kwa haki.

Sheria iliyopo haisaidii sana kuijibu. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au eneo kuwa linalindwa, kwa notisi katika Gazeti Rasmi. Notisi hiyo inazuia kubomoa na kubadilisha, na ni ngao nzuri dhidi ya tingatinga. Lakini notisi haileti kigae hata kimoja. Mpangaji aliyezuiwa kubadilisha dirisha lake na asiyepewa chochote badala yake ataiona kama adhabu, na atasubiri jengo lianguke lenyewe. Ndiyo maana naona kuitangaza Kaloleni yote kwa mkupuo kabla ya kutatua suala la umiliki ni kuuongezea nguvu ugonjwa ule wa tangazo ambao tayari unaiua.

Badala yake wapewe umiliki wenye masharti. Mpangaji wa nyumba ya zamani apate hati au mkataba wa miaka mingi unaorithiwa, na ndani yake iandikwe kwamba mbele, paa na uwanja wa pamoja havibadilishwi, na kwamba bawa la nyuma litajengwa kwa mchoro mmoja wa mtaa mzima. Mwenye chumba cha bawa naye apate mkataba wake, hata wa kupanga, wenye jina lake. Watakaopenda kuondoka kwenda kwenye majengo mapya ya Barabara ya Jogoo wabadilishane nafasi. Sharti la paa litaeleweka na mtu ambaye paa ni lake. Fundi yule wa vigae atapata kazi ya kudumu, na vigae vya nyumba zitakazoshindikana kabisa kukarabatiwa vitunzwe ghalani kwa ajili ya zinazobaki, jambo ambalo Eastlands nzima haina bajeti yake lakini ina mafundi wake.

Kwamba jengo la zamani linaweza kurudishwa kazini pale pale mtaani, maktaba ya Kaloleni imeonyesha. Ni tawi la McMillan, maktaba ya umma ya katikati ya jiji, na Book Bunk, shirika linalokarabati maktaba hizo, wakishirikiana na kaunti, waliikarabati bila kuifanya kitu cha kutazamwa. Baada ya shule watoto hujaa. Walipouliza wakazi wanataka nini ndani yake, hawakutajiwa makumbusho. Walitaka meza, taa na vitabu, na jengo lilelile likavibeba.

Upo pia ulinzi wa mahakama, na wakazi wanaufahamu. Mwaka 2013, katika kesi ya wapangaji wa Muthurwa dhidi ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Reli, Jaji Isaac Lenaola aliwapa wapangaji haki chini ya Kifungu cha 43 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Lakini kesi hukomesha jambo lisitokee kwa muda, haichori mtaa. Makongeni, jirani kabisa na Kaloleni na uliokuwa na mwenye mali yuleyule wa Muthurwa, umekuwa kwenye mpango wa nyumba za bei nafuu kwa miaka, na wakazi wa Kaloleni wanasoma majaliwa yao kwa kuangalia ng'ambo ya ukuta.

Kama ningeulizwa kaunti ianze na lipi, nisingesema zabuni wala notisi ya urithi. Kwanza ihesabiwe milango, orodha ibandikwe ukumbini kwa majina, na watu wapewe muda wa kuipinga. Wakati orodha inabishaniwa, lichimbwe bomba jipya la maji machafu, la kipimo cha watu waliopo. Mtaa uwe utabomolewa au utahifadhiwa, bomba hilo litahitajika, na kulitandaza hakumtaki mtu yeyote ahame.